Mafua ya Kuku Yanayorudi Kila Mara: Mwongozo Kamili wa Kukabiliana na Mikoplazma

Wafugaji wa Njoro, Kisumu, Vihiga na Kakamega hueleza tatizo lile lile. Kuku wanakoroma usiku, wanapewa dawa kutoka duka la dawa za mifugo, wananyamaza kwa wiki moja au mbili, kisha wanaanza tena kukoroma kana kwamba hawakupewa kitu. Dawa hubadilishwa, pesa huisha, na vifaranga wanaoanguliwa hapo nyumbani nao huanza kupiga chafya kabla hawajaota manyoya kamili.

Mara nyingi kinachosababisha hali hii ni bakteria aitwaye Mycoplasma gallisepticum. Mfugaji hushindwa kwa sababu mbili: huchagua dawa isiyo na pa kumshikia bakteria huyo, na huitarajia dawa ifanye kazi ambayo hakuna dawa iliyopo inayoiweza, yaani kulisafisha kundi lisibaki na ugonjwa hata kidogo. Mwongozo huu unamlenga mfugaji mwenye kuku kuanzia ishirini hadi mia kadhaa, wawe wa kienyeji, wa mayai au wa nyama.

## Bakteria asiye na ukuta

Bakteria wengi huwa na ukuta mgumu nje ya utando wa seli. Penisilini na jamaa zake, ikiwemo amoksisilini, huua kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta huo hadi seli ipasuke. Mikoplazma haina ukuta. Ina utando mwembamba tu, ambao huuimarisha kwa kolesteroli inayoichukua kutoka kwa mnyama inamoishi. Kumpa penisilini kuku mwenye mikoplazma ni kumnyima saruji mtu anayelala katika hema. Maabara hulitumia jambo hili kwa faida yao: penisilini huongezwa makusudi katika mchuzi wa kuoteshea mikoplazma ili iue bakteria wengine, nayo mikoplazma huendelea kukua humo humo.

Dawa za salfa na trimethoprimu nazo hazifai, kwa kuwa huwazuia bakteria kujitengenezea asidi ya foliki, kazi ambayo mikoplazma haifanyi. Kolistini hushika mafuta ya utando wa nje wa bakteria kama E. koli, na mikoplazma haina utando huo. Ukizisoma pakiti zilizo nyumbani kwako, huenda ukagundua kwamba nusu yake hazikuwa na uwezo wowote juu ya ugonjwa uliokuwa ukiutibu.

Vinasaba vya mikoplazma hii ni takriban herufi milioni moja, ilhali E. koli ana zaidi ya milioni nne. Kwa hiyo haiwezi kujitengenezea mahitaji yake mengi, na hulazimika kujibandika kwenye seli za njia ya hewa ya kuku kwa ncha maalumu iliyo mwilini mwake. Ikishajibandika, huviharibu vinyweleo vidogo vinavyosukuma kamasi na vumbi nje, na hapo E. koli hupata njia ya kushuka hadi kwenye vifuko vya hewa. Zaidi ya hayo, hubadilisha protini za juu ya utando wake mara kwa mara, na kinga ya kuku hubaki ikiifukuza bila kuimaliza. Ndiyo maana kuku aliyepona kwa macho hubaki kuwa mbebaji.

Udhaifu wake ni huo huo wa kukosa ukuta. Nje ya mwili wa kuku hukauka na kufa katika muda wa siku chache, na sabuni, klorini na dawa za kawaida za kuua vijidudu huimaliza kwa urahisi.

Mikoplazma nyingine huleta homa ya mapafu ya ng'ombe, homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo kijidudu chake kilitambuliwa hapa Kenya mwaka 1976, na aina mojawapo ya nimonia ya binadamu. Hata hivyo mikoplazma ya kuku haiwaambukizi watu wala mbuzi, na hakuna haja ya kuwahamisha mbuzi kwa sababu ya kuku wanaokoroma.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu ya kuandikia kila siku
- Mizani ya kupimia kuku, na mizani ndogo inayopima gramu
- Chombo cha kupimia maji kwa lita na mililita
- Mahali pa kutenga kuku, angalau mita kumi kutoka banda kuu, na upepo usitoke huko kuelekea bandani
- Viatu na koti vya kuvalia bandani tu
- Sabuni ya unga, brashi ngumu, na klorini ya kufulia
- Maranda makavu ya mbao au maganda ya mpunga
- Namba ya simu ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa

Dawa ya kutibu haimo katika orodha hii kwa makusudi. Itanunuliwa katika hatua ya tano, na ikinunuliwa mapema huwa kuna tamaa ya kuitumia mapema.

## Hatua ya 1: Wasikilize kuku usiku

Nenda bandani kama saa mbili baada ya giza kuingia, bila kuwasha taa, usimame kimya kwa dakika kadhaa. Kuku mwenye mikoplazma hutoa sauti ya kukoroma au ya mkwaruzo wa maji kooni, ambayo mchana humezwa na kelele. Andika ni wangapi takriban wanaokoroma na wako upande gani wa banda.

Mchana tazama pembe za macho kama zina povu, matundu ya pua kama yameshikwa na vumbi lililogandamana, na kama kuku wanatikisa vichwa. Kwa bata mzinga dalili huonekana waziwazi zaidi, kwa sababu sehemu iliyo chini ya macho hufura.

Kinachotambulisha mikoplazma ni mwendo wake wa polepole. Huenea kwa wiki kadhaa, mayai hupungua taratibu, kuku hukonda, na wanaokufa huwa wachache isipokuwa E. koli ameungana nayo. Linganisha na haya:

Kideri huua wengi kwa siku chache, na huambatana na kinyesi cha kijani, shingo kupinda au miguu kupooza. Ukiona hivyo acha mwongozo huu, mpigie daktari wa mifugo, na usiuze kuku hata mmoja. Mafua makali ya kuku, ambayo nayo huletwa na bakteria lakini mwenye ukuta, hufurisha uso ndani ya siku moja hadi tatu na hutoa harufu mbaya. Minyoo ya bomba la hewa humfanya kuku anyooshe shingo na kupanua mdomo. Ukosefu wa vitamini A huacha madoa meupe ndani ya kinywa.

Kama kuku wanachechemea na vifundo vya miguu vimefura, mshuku binamu yake, Mycoplasma synoviae. Huyo wakati mwingine huharibu ncha ya yai, ikawa nyembamba na yenye mikwaruzo. Hatua zinazofuata zinamhusu naye pia.

Utajua umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja wenye tarehe dalili zilipoanza, idadi ya waliougua, waliokufa, na idadi ya mayai ya kila siku.

## Hatua ya 2: Peleka sampuli kabla ya dawa yoyote

Dawa hupunguza bakteria kiasi kwamba maabara inaweza isiwaone, ilhali bado wamo. Kama umeshatoa antibayotiki, mweleze mtaalamu wa maabara ukweli huo pamoja na jina la dawa na tarehe.

Serikali ina maabara za uchunguzi wa magonjwa ya mifugo mjini Nakuru na Kericho, na maabara kuu iko Kabete. Mfugaji wa Kisumu, Siaya au Kakamega aanzie ofisi ya mifugo ya kaunti yake, ambako ataelekezwa jinsi ya kusafirisha sampuli.

Kipimo cha bei nafuu ni cha seramu, yaani majimaji yanayojitenga damu inapoganda, kwenye kigae. Damu huchukuliwa kwenye mshipa wa bawa na mtu aliyefunzwa, huachwa igande, kisha tone la seramu huchanganywa na tone la antijeni (mikoplazma iliyouawa) iliyotiwa rangi, na matokeo husomwa ndani ya dakika mbili. Seramu hiyo iwekwe kwenye ubaridi lakini isigandishwe kuwa barafu, kwa sababu kugandisha huweza kuleta jibu la uongo. Chanjo yenye mafuta iliyodungwa wiki chache zilizopita nayo huweza kuleta jibu la uongo. Kwa hiyo nenda na rekodi ya chanjo.

Kipimo cha PCR hutafuta vinasaba vya bakteria mwenyewe, kwa kutumia kijiti cha pamba kilichosuguliwa kooni. Ni ghali zaidi lakini huondoa ubishi. Kuotesha bakteria huchukua hata wiki tatu, na kwa mfugaji mdogo sioni faida yake.

Kwa kundi dogo ambalo ugonjwa umeshaenea, kuku kumi hutosha. Chagua wanaokoroma na wasiokoroma, usichukue wale waliokaribia kufa peke yao. Kuku aliyekufa muda mfupi uliopita pia ana thamani kubwa: akipasuliwa, vifuko vya hewa ambavyo kwa kawaida ni angavu huonekana vyenye ukungu, povu, au vipande vya usaha mgumu wa manjano.

## Hatua ya 3: Amua hatima ya kundi

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu wanaruka moja kwa moja kwenda kwenye dawa. Jibu la maabara likisema ni mikoplazma, tambua kwamba kundi lako litaendelea kuwa nayo maisha yake yote. Dawa itapunguza dalili, itarudisha mayai, na itapunguza idadi ya bakteria wanaotoka, lakini haitawamaliza. Kinachobaki kuamuliwa ni muda wa kuishi na kundi hilo.

Kuku wa nyama hawana ugumu. Watibiwe ikiwa bado wako mbali na kuchinjwa, waondoke wote pamoja, na banda lianze upya.

Kuku wa mayai wanaotaga vizuri wanaweza kubaki hadi mwisho wa utagaji wao. Watibiwe wanapozidiwa, mayai yauzwe ya kula, na kusiingizwe kuku wachanga katika banda hilo wala jirani nalo. Ukiwa na makundi mawili ya umri tofauti chini ya paa moja, kundi kubwa litaliambukiza dogo kila msimu bila kukosa.

Kuku wa kienyeji wanaofugwa ili kuangua vifaranga ndio wenye uamuzi mchungu, na hapa sina ulegevu wowote: wauzwe wa kuchinjwa au waliwe nyumbani, baada ya muda wa kusubiri dawa kwisha, kisha uanze na kizazi safi. Najua mtetea anayeangua vizuri hapimiki kwa bei ya soko, hasa kwetu magharibi ambako kuku ni heshima ya mgeni na ni akiba ya karo. Lakini mtetea huyo huyo ndiye anayeupitisha ugonjwa ndani ya yai, na kumhifadhi ni kuutunza ugonjwa kwa jina la kutunza mbegu.

Kundi hili lisipelekwe katika masoko ya Kibuye, Luanda wala Chwele kuuzwa kwa watu wanaotafuta kuku wa kufuga. Muuzie mchinjaji.

## Hatua ya 4: Rekebisha hewa kabla ya kununua dawa

Kuku wawili wenye mikoplazma ya aina moja wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa, mmoja akikoroma kidogo tu na mwingine akifa, kwa sababu ya hewa wanayoivuta. Amonia inayotoka kwenye kinyesi chenye unyevu huua vinyweleo vya njia ya hewa, ambavyo mikoplazma nayo inavishambulia.

Chuchumaa bandani mpaka pua yako iwe kwenye kimo cha kuku, ukae hapo dakika mbili. Macho yakikuwasha, amonia imezidi. Kipimo hiki kifanywe alfajiri kabla milango haijafunguliwa, kwa maana saa nne mchana banda lolote hunukia vizuri.

Nakuru, Njoro na Molo kosa ni kuziba. Baridi ya Julai ikiingia, magunia na karatasi za plastiki hufungwa kutoka chini hadi juu, na jiko la makaa huwekwa katikati ya vifaranga. Matokeo yake ni joto, moshi na amonia kwa pamoja. Ziba sehemu ya chini, hadi kimo kinachozidi kidogo kichwa cha kuku, ili upepo usiwapige. Sehemu ya juu chini ya paa iachwe wazi ili hewa chafu itoke. Jiko liwekwe likiwa limeshawaka na kuacha kutoa moshi, na pawepo tundu la kutolea hewa.

Kisumu na kando ya ziwa tatizo ni unyevu na joto. Huko kuta ziwe za wavu karibu zote, paa liwe refu, na matandazo yageuzwe mara kwa mara. Vyombo vya maji viinuliwe hadi kimo cha mgongo wa kuku ili visimwagike.

Ondoa matandazo yaliyolowa, hasa kuzunguka vyombo vya maji, na uweke makavu. Fanya hivyo kuku wakiwa nje, kwa sababu vumbi linalopanda siku ya kufagia huweza kuwazidishia ugonjwa. Punguza msongamano: kuku wakubwa wanne au watano kwa mita moja ya mraba wanatosha.

Utajua umefaulu macho yako yasipowasha alfajiri, na maranda ukiyashika kwa ngumi na kuyaachia yakasambaratika badala ya kugandamana. Wafugaji wengi hugundua kwamba idadi ya wanaokoroma imeshashuka kabla dawa haijanunuliwa.

## Hatua ya 5: Toa dawa inayofaa, kwa dozi inayofaa

Dawa zinazofaa ni zile zisizohusika na ukuta, bali huzuia bakteria kutengeneza protini. Miongoni mwake ni tailosini, tilmikosini, doksisaiklini, oksitetrasaiklini na tiamulini. Daktari wa mifugo ndiye wa kuandika mojawapo, akizingatia kama kuku wanataga na ni dawa gani zimeshatumika hapo.

Kuna onyo mahususi kuhusu tiamulini. Ikikutana na dawa za kuzuia koksidiosi (ugonjwa wa kuhara damu) ziitwazo monensini, salinomisini au narasini, ambazo huchanganywa katika baadhi ya vyakula vya viwandani, huweza kuua kuku. Soma mfuko wa chakula, na usipopata maelezo mpigie muuzaji wa chakula kabla ya kuitumia.

Kuhusu enrofloksasini, ni kweli kwamba huipiga mikoplazma, lakini jamii yake ya dawa hutegemewa sana katika kuwatibu binadamu. Marekani iliondoa kibali chake kwa kuku mwaka 2005 kwa sababu ya usugu wa bakteria. Isiwe dawa ya kwanza.

Kukokotoa dozi. Lebo nyingine hutoa dozi kwa lita ya maji. Tailosini, kwa mfano, kwa kawaida hutolewa kwa nusu gramu ya dawa halisi katika kila lita. Nyingine hutoa dozi kwa kilo ya uzito wa kuku. Tuseme lebo ya doksisaiklini inataka miligramu 20 kwa kilo kwa siku, nawe una kuku 50 wenye wastani wa kilo 2. Uzito wote ni kilo 100, na dawa halisi inayohitajika ni miligramu 2,000, yaani gramu 2. Ikiwa unga huo una asilimia 20 ya dawa, utapima gramu 10 za unga. Ukiwa na asilimia 50, utapima gramu 4. Ndiyo maana kijiko cha jirani hakikufai: unga wake na wako huenda havilingani nguvu.

Siku moja kabla, pima maji ambayo kuku hunywa. Kuku 50 wakubwa wa Nakuru wanaweza kumaliza kama lita 10 kwa siku, lakini kwenye joto la Kisumu wakazidi kiasi hicho kwa mbali, na kuku wagonjwa wakati wa baridi ya Molo wakanywa kidogo. Mfugaji anayefuata lita peke yake huku kuku wakinywa maji nusu, ametoa nusu ya dozi.

Kunywesha. Waondolee maji jioni na uwape yenye dawa alfajiri, kwa kiasi watakachomaliza katika saa chache; yakiisha, tengeneza mengine. Wakati wa matibabu pasiwepo chanzo kingine cha maji, hata dimbwi la mvua. Ukitumia doksisaiklini au oksitetrasaiklini, ondoa kwa siku hizo virutubisho vya kalsiamu, kwa kuwa kalsiamu huishika dawa ikashindwa kuingia mwilini. Kuku anayetaga asikae muda mrefu bila kalsiamu, kwa hiyo mrudishie mara tu dawa inapokwisha.

Endelea kwa siku zote zilizoandikwa, ambazo aghalabu ni tatu hadi tano, hata kama siku ya pili banda limenyamaza.

Muda wa kusubiri. Nyama na mayai visiliwe wala kuuzwa hadi siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Kama lebo haitaji mayai kabisa, au inasema isitumike kwa kuku wanaotaga mayai ya kuliwa, dawa hiyo si ya kuku wako wa mayai.

Usitoe chanjo hai ya kideri wakati kuku wanakoroma, kwa maana chanjo hiyo huchokoza njia ya hewa na huweza kuamsha ugonjwa uliolala. Subiri watulie, kisha uchanje bila kuchelewa zaidi.

Utajua umefaulu ikiwa ndani ya wiki moja idadi ya wanaokoroma usiku imeshuka sana na kuku wanakula kama zamani. Isiposhuka, usiongeze dozi wala usiunganishe na dawa nyingine. Rudi kwa daktari, kwa kuwa huenda bakteria wamekuwa sugu au E. koli ameshatawala.

## Hatua ya 6: Usiangulie mayai ya kundi hili

Mikoplazma hupita kutoka kwa mtetea hadi ndani ya yai. Hatari huwa kubwa zaidi katika wiki za mwanzo baada ya kuambukizwa, kisha hupungua bila kwisha kabisa. Mayai machache tu yenye ugonjwa yakiwekwa katika mashine ya kuangulia pamoja na mamia mengine, vifaranga wake wataambukiza wenzao ndani ya siku chache.

Mashamba makubwa ya kuzalisha mbegu yamewahi kupasha mayai joto la nyuzi 46 kwa saa 12 hadi 14 ili kuua mikoplazma iliyomo. Usijaribu hilo nyumbani. Mashine ndogo haziwezi kushika joto hilo sawasawa, na utaua viini vya mayai.

Mayai yenyewe yanafaa kuliwa muda wa kusubiri dawa ukishapita. Kataa ombi la jirani anayetaka kuyaatamisha, ukimweleza sababu.

## Hatua ya 7: Safisha na upumzishe banda

Kundi likishaondoka lote, toa matandazo yote na uyazike au uyarundike yaoze mbali na kuku. Kwangua, kisha osha kwa maji na sabuni hadi ubao uonekane. Klorini humwagwa baada ya hapo, kwa sababu kinyesi huidhoofisha. Vyombo vya chakula na maji, masanduku ya kutagia na fito za kulalia vifanyiwe vivyo hivyo na vianikwe juani. Maganda na mabaki ya mayai yaliyopasuka yasibaki hata kidogo, kwani ndani ya kiini cha yai mikoplazma huishi kwa wiki kadhaa.

Baada ya banda kukauka, liache tupu kwa wiki tatu. Kwa mikoplazma peke yake muda huo ni zaidi ya kutosha, ila unasaidia pia dhidi ya magonjwa mengine. Hakikisha hakuna kuku mmoja aliyebaki akizurura uani; huyo mmoja hubatilisha kazi yote.

## Hatua ya 8: Ingiza vifaranga safi na uwalinde

Wauzaji wa vifaranga ni wengi, kuanzia watu wenye mashine moja nyuma ya nyumba hadi taasisi za utafiti kama KALRO Naivasha. Waulize wote swali lile lile: kuku wazazi walipimwa mikoplazma lini, na matokeo yako wapi? Asiyeweza kuonyesha karatasi, mwache, hata kama bei yake ni nzuri.

Ingiza vifaranga wote siku moja, na waondoke wote kwa kipindi kimoja. Wahudumie wao kwanza kila asubuhi, kisha kuku wakubwa, na wagonjwa mwisho. Kwenye baiskeli ya muuzaji, kwenye nguo zako na hata kwenye nywele zako, mikoplazma huweza kuishi siku moja hadi tatu. Kwa hiyo koga na ubadili nguo ukitoka sokoni.

Milango mitatu ya ugonjwa katika eneo letu ni hii. Wa kwanza ni jogoo wa kuazima. Wa pili ni kuku walioshindwa kuuzwa sokoni wakarudishwa bandani jioni. Wa tatu ni kuku wa zawadi, na huu ndio mgumu kuufunga, kwani hakuna anayeweza kumkataa kuku aliyeletwa na wakwe mwezi wa Desemba. Mpokee kwa furaha, kisha mchinje. Ukitaka kumfuga, mtenge kwa wiki nne na umpime damu mwishoni mwa muda huo, kwa sababu mbebaji anaweza kumaliza wiki zote hizo bila kupiga chafya hata mara moja.

Chanjo za mikoplazma zipo, za hai na za kuuawa. Zinafaa mashamba makubwa ya mayai yasiyoweza kuondoa kuku wote kwa pamoja, na hutolewa kabla ya kuku kuanza kutaga na kabla hawajaambukizwa. Kundi lililokwisha kuugua haliponi kwa kuchanjwa.

## Hatua ya 9: Pima tena

Vifaranga wanaweza kuwa na kingamwili walizozirithi kwa mama, hivyo kipimo cha seramu cha siku za mwanzo hakikwambii mengi. Pima kuku kumi wakiwa na umri wa kama miezi mitatu, kisha tena wanapokaribia kutaga. Majibu yote mawili yakiwa safi, na banda likiwa kimya usiku, una ruhusa ya kuangulia mayai yao.

Akitokea kuku mmoja tu mwenye jibu la kutia shaka, usimchinje mara moja wala usilipuuze. Mtenge, usitoe antibayotiki, na urudie kipimo baada ya wiki tatu, ikiwezekana kwa PCR. Mayai ya kundi lote yasiatamishwe hadi jibu hilo lirudi.